Namna ya Kuwatazama Nyangumi na Pomboo kwa Boti katika Bahari ya Mtwara

Bahari ya Mtwara ina sifa moja ambayo sehemu nyingi za pwani ya Tanzania hazina: maji ya kina kirefu yako karibu mno na nchi kavu. Mbele ya Msimbati na Ruvula, ukishauvuka mwamba wa matumbawe, sakafu ya bahari huporomoka ghafla, na hata boti ya injini ndogo hufika kwenye maji ya buluu iliyokolea kwa muda mfupi. Isitoshe, ule mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hulifikia bara la Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Mto Ruvuma, kisha hugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kuifuata pwani yetu na jingine likishuka kuelekea Msumbiji. Ndiyo maana wanyama wa bahari kuu, ambao kwingine mtu hulazimika kwenda mbali kuwatafuta, hapa hupita mahali ambapo minazi ya ufukweni bado inaonekana.

Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kutoka na boti Mikindani, Shangani au Msimbati ili awaone wanyama hao, awe mgeni aliyekuja mapumzikoni au mwenyeji ambaye miaka yote amesikia habari zao kwa wavuvi tu. Msimamo wake ni mmoja: mnyama ndiye anayeamua umbali, si nahodha wala abiria, na karibu kila jambo la matayarisho, kuanzia namna ya kupatana bei, hutegemea kulikubali hilo kabla boti haijang'oa nanga.

Ni wanyama gani, na wakati gani

Nyangumi wanaotarajiwa zaidi katika maji haya ni wale wenye nundu mgongoni na mapezi marefu ya ubavuni yanayokaribia theluthi ya urefu wa mwili. Mkubwa wao hufikia kati ya meta 12 na 16, na uzito wake huwa wa tani 25 hadi 30 au zaidi. Wakati wa kiangazi cha kusini ya dunia huishi katika bahari baridi inayoizunguka Antaktika, wakila viumbe wadogo wanaofanana na uduvi, na baridi inapozidi huko hupanda kuja katika maji ya joto kupandana na kuzaa. Kusini mwa Tanzania huanza kuonekana mwezi wa Julai na huendelea hadi Oktoba, wachache wakichelewa hadi Novemba. Mimba yao hukaa takriban mwaka mmoja, na ndama huzaliwa akiwa na urefu wa zaidi ya meta 4.

Ugumu ni kwamba miezi ya kwanza ya nyangumi ndiyo miezi ya kusi. Mwezi wa Julai na sehemu kubwa ya Agosti upepo huo huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na boti ndogo ikitoka nje ya mwamba abiria hushughulika na kujishikilia kuliko kutazama. Kwa maoni yangu mtu mwenye nafasi ya kuchagua achague Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba, kwa sababu kusi huwa imelegea na nyangumi wenye ndama bado wapo. Hata hivyo asisubiri sana Oktoba, kwani msimu wa korosho unapofunguka wanunuzi humiminika mjini na chumba cha kulala huwa kigumu kupatikana.

Pomboo hawana msimu wa namna hiyo, maana wapo mwaka mzima, ingawa mvua za huku, ambazo huanza Desemba na kuishia Aprili au karibu yake, hupunguza siku zinazofaa. Aina tatu zinatosha kwa mwanafunzi wa kwanza. Wapo pomboo wa kijivu wenye mdomo mfupi mnene, ambao wataalamu huwaita Tursiops aduncus. Hawa hupenda maji ya pwani na mara nyingi huja wenyewe kuteleza kwenye wimbi linalosukumwa na omo ya boti. Wapo wembamba wenye mdomo mrefu, Stenella longirostris, wanaoruka juu na kujizungusha hewani mara kadhaa kabla ya kuanguka. Na wapo pomboo wenye kibyongo chini ya pezi la mgongoni, Sousa plumbea, wakazi wa maji ya kina kifupi karibu na mikoko na midomo ya mito, ambao ni waoga wa boti na ambao shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ukibahatika kuwaona hao wa mwisho ndani ya ghuba, usiende kwao kabisa. Watazame kwa darubini na uendelee na safari.

Papa potwe, yule mwenye madoadoa anayewavuta wageni Mafia, si nyangumi bali ni samaki, na huvuta pumzi kwa matamvua. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaolipia safari wakidhani wanyama hawa ni wamoja.

Kupatana na nahodha

Lipia muda, usilipie mnyama. Abiria wengi, kwa nia njema kabisa, humwahidi nahodha nyongeza iwapo atawafikisha karibu na nyangumi, na kwa ahadi hiyo humgeuza kuwa mwindaji: atafungua mashine yote, atamkatia mnyama njia, na atakaa naye hata baada ya kuona dhahiri kwamba mnyama anakimbia. Patana naye saa nne au tano za kuwa baharini, mwambie wazi kwamba malipo ni yale yale hata msipoona kitu, na kama unataka kumpa bakshishi, mpe mwisho wa safari kwa sababu aliendesha kwa utulivu. Sehemu kubwa ya gharama ni mafuta, kwa hiyo uliza mapema kama bei imejumuisha mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba, ili mkiwa katikati ya safari asianze kuhesabu lita badala ya kutazama bahari.

Kagua chombo ufukweni, mchana, siku moja kabla. Pawe na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria, na majaketi ya watoto yawe ya watoto kweli. Nanga yenye kamba ndefu ya kutosha, makasia, ndoo ya kukumbia maji, zana za kufungulia plagi za mashine na simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji ni mambo ya lazima, na boti yenye redio ya baharini ni bora zaidi. Wakati wa kusi mashine ya pili, hata ikiwa ndogo, si anasa. Boti inayobeba abiria kwa malipo inapaswa kuwa na cheti cha ukaguzi, kazi ambayo husimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na nahodha mwenye cheti hachukii kuulizwa. Ngalawa na mashua za tanga zina raha yake, na ukimya wake huwafaa wanyama, lakini nje ya mwamba upepo ukigeuka hazikurudishi kwa saa unayotaka. Zitumie ndani ya Ghuba ya Mikindani kwa ajili ya pomboo.

Upande wa Msimbati utakuwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 650. Kuingia humo kuna ada, na viwango vya raia na wageni hutofautiana. Ilipe kwa utaratibu wa hifadhi yenyewe na udai stakabadhi. Ikiwezekana omba pia askari wa hifadhi au mvuvi mzoefu wa eneo hilo afuatane nanyi, kwa kuwa macho ya mtu aliyekulia pale yana thamani kuliko darubini ya bei kubwa.

Kabla ya kutoka

Jioni ya kuamkia safari soma utabiri wa bahari unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha umsikilize nahodha. Mmojawapo akikataa, safari iahirishwe. Hapa hakuna kura ya wengi. Toka mapema, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, kwa sababu upepo huongezeka jua linapopanda, na mawimbi yakishaanza kuvunjika kwa povu jeupe huwezi tena kutofautisha pumzi ya nyangumi na rasharasha za maji.

Maji kujaa na kupwa nayo yana hesabu yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati ule ule ambao boti nyingi hurudi. Anayetoka alfajiri maji yakiwa yamejaa anaweza kukuta kwamba mahali alipopandia pamekuwa uwanja wa tope na mawe ya matumbawe. Vaa viatu vinavyoweza kulowa, au uchague siku za maji mafu, wakati tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Kula kidogo, lakini kula. Tumbo tupu huchafuka upesi kuliko lenye mkate au muhogo wa kuchemsha. Chapati zenye mafuta na supu nzito ziache kwa ajili ya kurudi. Chai ya tangawizi husaidia baadhi ya watu, na anayejijua kwamba bahari humlevya na ameandikiwa dawa aimeze kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Ukianza kujisikia vibaya kaa karibu na tezi, ambako boti haipandi na kushuka sana kama omoni, ila jihadhari na moshi wa mashine, kisha tazama upeo wa macho badala ya simu. Chukua sweta au kanga ya kujifunika, kofia yenye kamba, na maji ya kunywa mengi kuliko unavyofikiri. Darubini inayokuza mara 7 au 8 inafaa. Yenye nguvu zaidi ya hapo hutetemeka mno botini.

Kutafuta

Mtafutaji mgeni hutazama karibu na boti, ilhali mnyama karibu kila mara huonekana mbali. Gaweni bahari: mmoja omo, mmoja tezi, wawili pande mbili, na kila mmoja apitishe macho polepole kwenye upeo. Kinachotafutwa kwanza ni pumzi, wingu la mvuke linalopanda hadi meta 3 hivi na kupotea baada ya sekunde chache. Anayeiona asipige kelele tu, bali ataje upande na aendelee kunyoosha mkono pale pale, kwa sababu akiushusha mahali hapo hapatapatikana tena. Ndege wa baharini wanaojirusha majini huashiria samaki, na penye samaki mara nyingi pana pomboo.

Nyangumi akipinda mgongo na kuinua mkia juu, maana yake anazama, na anaweza kukaa chini dakika 10 au zaidi. Pale alipozama hubaki duara la maji laini kama yaliyomwagiwa mafuta. Ukiliona duara hilo ujue amekwishaondoka hapo, na kuikimbilia alama hiyo hakuna faida. Weka mashine gia huru, subiri, na tazama mbali zaidi ya pale ulipomwona. Kwa pezi moja linalokata maji, ambalo huwatia watu hofu, tazama mwendo: pomboo hujiviringisha, akitoka na kuzama, kwa kuwa mkia wake hupiga juu na chini, ilhali papa hupita sawasawa na mara nyingine ncha ya mkia wake huonekana nyuma ya pezi, ikienda kulia na kushoto.

Kukaribia

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na inafaa kueleza sababu kabla ya kanuni. Nyangumi jike aliye na ndama katika maji yetu hali chochote, au hula kidogo sana. Anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi tangu Antaktika, na kwa mafuta hayo hayo anatengeneza maziwa mazito ya kumkuza mtoto hadi aweze safari ya maelfu ya kilometa kurudi kusini. Kila mara boti inapomfanya aongeze mwendo, hutumia akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka afike kule, na ndama hukatizwa kunyonya. Boti moja ya asubuhi moja haitamwua, lakini mnyama huyo huyo hukutana na boti nyingine siku inayofuata, na nyingine, kutoka Msumbiji hadi Kenya.

Kanuni zinazofuatwa katika nchi nyingi zenye utalii huu ni kupunguza mwendo hadi wa mtu anayetembea mara boti inapofika meta 300 kutoka kwa nyangumi, kutomsogelea chini ya meta 100, na kuongeza umbali huo maradufu au zaidi akiwa na ndama. Meta 100 ni karibu urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Baharini umbali hudanganya na kuonekana mfupi, basi ukibishana na nahodha, mwenye kukadiria kwamba mko karibu zaidi ndiye afuatwe. Boti iende sambamba na mnyama, ubavuni na nyuma kidogo, isimtangulie wala isimfuate moja kwa moja nyuma ya mkia, na kamwe isipite kati ya mama na mtoto. Mkifika umbali unaofaa, mashine iwekwe gia huru. Wapo wanaopendelea kuizima kabisa, lakini mimi naona ngurumo ndogo isiyobadilika humjulisha mnyama boti iko wapi, na hilo ni salama kwa pande zote mbili.

Baada ya hapo msifanye lolote. Mara nyingi nyangumi mwenyewe, hasa kijana asiye na mtoto, husogea kuchungulia, na akija hata kufikia ubavu wa boti si kosa lenu. Bakini mlipo, mikono ndani, mashine isiingizwe gia hadi aonekane ameondoka. Dakika 30 kwa kundi moja zinatosha, na kukiwa na boti nyingine inayotazama, subirini kwa mbali zamu yenu. Kuondoka kuwe polepole kama kufika.

Mnyama anayebadili mwelekeo kila mnapojirekebisha, anayezidi kukaa chini ya maji, anayepiga mkia majini kwa nguvu, au jike anayejiweka katikati ya boti na ndama wake, amekwishasema mwondoke. Kundi la madume yanayomkimbilia jike mmoja ni jambo jingine: hawajali boti, huenda kwa kasi na kugongana, na mwili wa tani 30 unaoruka hauchagui mahali pa kuangukia. Hao watazamwe kwa mbali kwa ajili ya usalama wenu.

Kama boti imesimama na bahari imetulia, mwombe nahodha azime mashine kwa dakika chache ilhali hakuna nyangumi karibu, na anayejua kupiga mbizi kwa pumzi moja atumbukize kichwa pembeni mwa boti. Madume huimba katika majira haya, wimbo mmoja ukichukua dakika 10 hadi 20 na kurudiwa kwa saa nyingi, na sauti husafiri mbali sana majini.

Pomboo wanaolala

Kwa pomboo umbali wa meta 50 unatosha, na wakija wenyewe kwenye omo, nahodha ashikilie mwendo na mwelekeo ule ule bila kupinda wala kuongeza kasi ghafla. Lakini wapo pomboo wasiopaswa kusogelewa hata kidogo. Wale wanaojizungusha huwinda usiku katika kina kirefu, wakati samaki wadogo na ngisi wanapopanda, na asubuhi huingia kwenye maji tulivu kupumzika. Kundi linalokwenda pamoja kwa kubanana, polepole, likitoka na kuzama kwa utaratibu bila kuruka, limelala kwa namna yake. Kuliamsha ili wageni wapate picha ni sawa na kulinyima chakula cha usiku unaofuata, maana mchovu hawindi vizuri.

Kuogelea nao sikupendekezi. Kizimkazi, Unguja, boti kadhaa huweza kuzunguka kundi moja na kushusha watu mbele yake, na watafiti waliofuatilia pomboo wa huko wameonyesha kwamba boti zinapokuwepo hupumzika kidogo na kuhamahama zaidi. Mtwara haijafika huko, na nahodha anayeombwa hivyo akikataa aungwe mkono na abiria wote. Vivyo hivyo msiwatupie chakula, na mifuko ya korosho na chupa za maji zirudi nazo pwani.

Picha, na nyavu

Kwa nyangumi, picha yenye faida kuliko zote ni ya upande wa chini wa mkia anapozama, kwa sababu michoro yake myeupe na myeusi haifanani kati ya mnyama mmoja na mwingine. Andika tarehe, saa na mahali, ukitumia ramani ya simu, kisha uitume kwenye hifadhi ya picha ya Happywhale mtandaoni, ambako hulinganishwa na picha za bahari nyingine; ukipata jibu utajua huyo wa Msimbati amewahi kuonekana wapi.

Mkimkuta nyangumi au pomboo amenaswa na jarife au kamba, mtu yeyote asiruke majini na asikate kipande kinachoelea nyuma yake. Kamba ile inayoburutwa ndiyo ambayo waokoaji wenye mafunzo huweza kuishika baadaye, na ikikatwa mnyama huzama akiwa bado amefungwa. Kaeni mbali, pigeni picha, andikeni mahali na mwelekeo anaokwenda, kisha mpigieni simu ofisa uvuvi, ofisi ya hifadhi ya bahari au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, ya kijiji kilicho karibu. Mkiwa na mafuta ya kutosha na bahari ikiruhusu, boti ibaki umbali wa meta 300 ikimfuatilia hadi mwenye dhamana afike au aseme mrudi.